Eldo Meints na Eka Nne Zisizokatwa

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Mei, mji wa Holtrop ulichelewa kuamka. Mwalimu mstaafu wa muziki, ambaye kwa miaka tisa hakuwa ametega kengele ya saa, alifungua macho saa mbili na robo, akatazama dari, akajiuliza kuna nini leo. Mjane wa nyumba ya jirani alitoka barazani na kikombe chake cha kahawa, akasikia ndege. Aliwasikiliza kwa mashaka. Hakujua kwamba mtaani kwake kulikuwa na ndege wengi namna ile.

Mashine ya Eldo Meints haikunguruma.

Kila Alhamisi, theluji ikishayeyuka na majani yakaanza kunyanyuka, saa moja kamili asubuhi Eldo aliwasha mashine yake ya kijani ya kukatia nyasi. Alianza na ua wake, akaenda ua wa mjane, akavuka barabara hadi kanisani, kisha makaburini, akimalizia adhuhuri kwenye bustani ya kaunti kando ya kijito cha Elk. Alipopita, nyasi zilibaki na mistari miwili miwili, mmoja wa kijani kizito na mmoja wa kijani chepesi, iliyonyooka kama suruali iliyopigwa pasi.

Pale mgahawani, habari ilizunguka kabla mayai hayajaiva.

"Nyasi za ua wake zimefika kisigino," alisema mmoja.

"Basi amekufa."

"Hajafa. Angekufa, angekata kwanza."

Tressa Vavra, mwalimu wa mazingira wa Bodi ya Hifadhi ya Kaunti, alikuwa ofisini kwake pale bustanini akibandika picha za vyura ukutani. Ilipofika adhuhuri akagundua kwamba mkono wake umesimama hewani na sikio lake linasubiri. Akaenda dirishani. Lango lilikuwa wazi, na kando ya lango zilikuwepo zile eka nne za mbuga ya nyasi na maua ya asili, bado nyeusi kwa moto wa Aprili, zikianza kuchomoza sindano za kijani. Hakuna mtu. Akachukua ufunguo wa gari.

Eldo alizaliwa maili sita kaskazini ya mji, katika nyumba ambayo babu yake aliijenga kabla hajajifunza Kiingereza. Watu wake walikuja Iowa kutoka pwani ya Frisia Mashariki wakiwa na Biblia, majembe na chai. Majembe yalikwisha kutu. Chai ipo mpaka leo. Inanywewa kali, juu ya kipande cha sukari ya mawe kinachopasuka kwa mlio mdogo ikimiminwa, na krimu kidogo isiyokorogwa. Mgeni hunywa vikombe vitatu. Akitosheka huweka kijiko ndani ya kikombe, na hapo birika halimfuati tena. Kuweka kijiko baada ya kikombe cha kwanza si dhambi, lakini nyumbani kwa akina Meints hakuna aliyewahi kufanya hivyo isipokuwa mtu wa kodi.

Alilima mahindi na soya miaka arobaini na minne. Alimwoa Arlys, msichana mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, wakapata binti mmoja, Renae, ambaye alikua akiichukia baridi na akaondoka mara tu alipoweza. Alhamisi ilikuwa siku ya Arlys kwenda saluni. Eldo hakuipenda nyumba bila yeye, kwa hiyo siku hiyo ndiyo alikata nyasi: kelele ilijaza pengo, na alipozima injini Arlys alikuwa amerudi, nywele zikinukia dawa.

Katika vuli ya mwisho ya Arlys, soya zilikauka shambani huku Eldo ameketi hospitali. Jioni moja alirudi nyumbani kuchukua shati safi, akakuta soya zote zimevunwa. Eka mia mbili na kumi. Kwa alama za magurudumu alihesabu mashine za kuvuna zisizopungua sita. Hakukuwa na mtu wala barua. Wiki iliyofuata alimkuta Virgil Ubben, ambaye shamba lake liko mkabala na bustani ya kaunti, akijaza mafuta kituoni.

"Virgil," alisema, "kuhusu zile soya."

"Soya zipi?" alisema Virgil, macho kwenye mita.

Mazungumzo yakaishia hapo. Ndivyo wanavyopendana watu wa kule. Unamfanyia mwenzako jambo, unaondoka kabla hajatoka nje, na akikuuliza, hujui anazungumzia nini.

Arlys alipokufa, kila siku ikawa Alhamisi. Eldo alimkodishia mpwa wake mashamba, akahamia mjini, na mtu aliyezoea kutawala eka mia nne akajikuta ana ua wa hatua thelathini kwa arobaini. Akaukata. Akatazama huku na huku. Akakata wa jirani.

Tressa alimpata hivyo, akiwa na umri wa miaka sabini na mbili na mashine yenye njaa. Binti huyo alitoka mashariki ya jimbo, kwa Wacheki, alikuwa na viatu vya matope na maneno ya haraka, na Bodi ilikuwa na bustani kubwa na mtu mmoja tu wa kukata nyasi. Alikunywa vikombe vitatu bila kufundishwa. Kufikia cha pili Eldo alikwisha kubali.

"Ila nikuonye, Mzee Meints," alisema. "Kazi yetu ni ya ajabu kidogo."

Ilikuwa kweli. Januari Tressa alipanga watu darajani kuwahesabu tai, pua zikiwa zimegeuka rangi ya nyanya. Machi aliwaonyesha watoto wa shule namna ya kutoboa miti ya mepo na kuchemsha utomvu wake mpaka uwe sharubati. Jioni za masika aliwaita bundi kwa mdomo wake mwenyewe, na bundi wakamwitika, jambo ambalo kwingine duniani lingemfanya mtu ahamishwe kijiji. Watu walimpigia simu kuhusu popo aliyeingia chumbani, kobe aliye barabarani, nyoka ambaye kila mara aligeuka kuwa mpira wa maji. Eldo alivisikia vyote hivyo akiwa juu ya mashine yake, kwa sikio la upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Kitu kimoja hakikumwingia akilini. Ni zile eka nne za langoni.

Zamani zilikuwa za mahindi. Miaka mitatu nyuma Tressa aliishawishi Bodi isitishe kuzikodisha, akazimwagia mbegu za aina sitini za majani na maua ya asili, yale yaliyokuwepo kabla ya jembe. Mwaka wa kwanza pakaota magugu. Mwaka wa pili magugu. Mwaka wa tatu, ilipofika Juni, gugu liitwalo klova ya njano lilikuwa limepita paa la pikapu kwa urefu, na harufu yake tamu ilifika hadi shambani kwa Virgil Ubben, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mmoja wa wajumbe watano wa Bodi.

"Nimeiona mbuga yako, Tressa," alimwambia mbele ya watu. "Babu yangu alihangaika miaka ishirini kuiua. Ungemuuliza kwanza."

Jambo likafika kikaoni. Wakakubaliana kwamba Jumatatu ya mwisho ya Juni wajumbe watafika wenyewe kuangalia. Wakiona pana kitu cha kuwaonyesha wananchi, eka nne zibaki za mbuga. Wakiona magugu, zikodishwe, na masika yajayo zipandwe mahindi kama kila kipande kingine cha ardhi kuanzia pale hadi upeo wa macho.

Eldo alijua tarehe hiyo. Alijua pia kwamba wiki hiyo Tressa yuko mtoni siku nne na watoto na mitumbwi, hatarudi mpaka Jumatatu asubuhi. Jumamosi alisimamisha pikapu langoni, akatazama ile klova. Akamfikiria yule binti, mikono yake iliyochubuka, mbegu alizozimwaga kwa mkono Novemba huku theluji ikimpiga usoni. Akamfikiria Virgil akishuka garini Jumatatu. Moyo ukamwuma kwa ajili ya Tressa. Mtoto wa watu amezidiwa na kazi, alijisemea. Hana hata muda wa kupalilia.

Akashusha mashine.

Ilimchukua saa saba. Alivunja pini mbili na kubadilisha blade moja. Katikati ya kiwanja kwale jike aliruka mbele ya gurudumu, na Eldo, kama alivyofunzwa na baba yake, alizima injini, akatafuta kiota, akachomeka fimbo, akazunguka pale akiacha kisiwa cha magugu chenye ukubwa wa meza ya chakula. Kwingine kote alikata mpaka chini. Kisha akarudia kwa mshazari ili mistari ikae vizuri. Mwisho akapiga magoti mbele ya kibao kilichosema *Mradi wa Mbuga, Bodi ya Hifadhi ya Kaunti*, akapunguza majani ya miguuni pake kwa mkasi wa Arlys wa vitambaa, mkasi ambao mwenyewe alipokuwa hai Eldo hakuruhusiwa hata kuugusa.

Jua lilipokuwa linashuka alisimama akapangusa shingo. Eka nne zilikuwa laini kama zulia la kanisani. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa na furaha namna ile.

Kosa lake jingine lilikuwa Jumatatu. Desturi inataka uwe umeondoka. Lakini alitamani kuiona sura ya Tressa, walau kwa mbali, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa maegeshoni, amechuchumaa akipima upepo wa gurudumu lisilo na tatizo.

Gari la Bodi liliingia, likapunguza mwendo, likasimama katikati ya njia na mlango wazi. Tressa alitembea hadi ukingoni. Aliifuata ile mistari kwa macho mpaka mwisho wake, hata Eldo akadhani anatafuta maneno ya shukrani.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza bila kugeuka.

"Amefanya nini?" alisema Eldo, akiwa na raha.

"Hii. Nani amekata?"

"Amekata wapi?"

Hapo aligeuka, na Eldo akaona kwamba analia. Uso wake ulikuwa umetulia tu, machozi yakishuka yenyewe.

"Miaka mitatu," alisema. "Mwaka huu ndio ungekuwa wa kwanza wa maua. Nampigia sherifu. Huyu mtu atapatikana, nakuapia, hata kama ni Virgil mwenyewe."

Eldo aliinuka polepole. Magoti yalilia. Alivua kofia, na chini ya kofia paji lake lilikuwa jeupe kama yai, kama la kila mkulima wa kule.

"Tressa, binti yangu," alisema. "Usimpigie sherifu. Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilitaka wakija wapaone pamependeza."

Tressa alimtazama. Wakasimama hivyo hivyo, yeye na machozi yake, mzee na kofia yake, kati yao ile mistari iliyonyooka kupita kiasi.

Saa tatu wajumbe wakaja. Virgil Ubben alishuka, akaweka mikono mfukoni, akapatazama kulia na kushoto.

"Safi," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza napaelewa."

Mwenyekiti, Joleen Pruess, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na hakuna mtoto wa kaunti ile ambaye hakuwahi kumwogopa, alisema kwamba hawezi kupigia kura kitu kisichoonekana. Akaahirisha. Watakutana papo hapo Septemba, alasiri ya Siku ya Vipepeo. Kitakachoonekana pale siku hiyo ndicho kitakachoamua.

Jioni Tressa alifika kwa Eldo kumpa tarehe, kwa adabu. Eldo alichemsha chai. Tressa alikunywa kikombe kimoja, akaweka kijiko ndani, akaaga. Mzee alibaki akikitazama kile kijiko mpaka giza likaingia jikoni.

Hakurudi na mashine kwenye zile eka nne. Alirudi na ndoo. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliigeuza chini juu pembeni ya kiwanja, akakaa juu yake, akatazama uharibifu wake. Wiki ya kwanza palikuwa rangi ya majani makavu. Ya pili, pakawa rangi ya mbwa. Watu walipita barabarani wakiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, naye akainua chake, na kila mmoja akafahamu kwamba Eldo Meints anafanya toba, ingawa hakuna aliyejua ya kosa gani.

Wiki ya tatu Tressa alichoka kumpita. Alikuja na koleo.

"Sogea, Mzee Meints. Nataka nikuonyeshe ulichokikata."

Alichimba. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi begani, akatoa udongo kwa kiganja, akamwonyesha mzizi mmoja mweusi, mwembamba, ukishuka bado.

"Hili jani juu ya ardhi lina urefu wa kidole," alisema. "Huku chini lina urefu wako. Miaka mitatu lilikuwa linashuka tu. Sisi juu tunaona magugu, lenyewe huko chini linajijengea."

Eldo alilala kifudifudi akachungulia shimo. Alikuwa amelima udongo ule maisha yake yote, kina cha shubiri moja. Hakujua kwamba una orofa za chini.

"Na klova?" aliuliza, bado kichwa shimoni.

"Klova ina mzizi wa karoti. Inaishi miaka miwili, inatoa mbegu, inakufa."

"Kwa hiyo ukiikata ikiwa na maua, kabla ya mbegu..."

Tressa hakujibu upesi. Eldo akatoa kichwa, udongo ukiwa kwenye nyusi.

"Inakufa bila watoto," alisema Tressa. "Najua. Nimekuwa nikilifikiria. Usinifurahishe mapema."

Kuanzia siku hiyo ndoo zikawa mbili. Waliketi mkabala na kile kisiwa cha kwale, pale ambapo klova iliachwa ikasimama, ikakomaa, ikakauka ikawa fito za kahawia zenye mbegu maelfu. Pembeni yake, pote alipopita na mashine, klova haikuinuka tena. Badala yake, kwa kuwa jua sasa lilifika chini, vitu vikaanza kuchomoza. Tressa alimfundisha majina, naye aliyasahau, akayapa yake: kile chenye majani ya msasa akakiita Virgil, kile kilichojikunja kabla ya kufunguka akakiita Saluni.

"Kwa nini Saluni?"

"Nina sababu zangu."

Agosti ilinyesha mara mbili, ikatosha. Septemba ilipoingia, eka nne ziliwaka: manjano na zambarau, fupi, nene, zikifika gotini. Kama zisingekatwa Juni zingefika kifuani na kulala kwa upepo. Vipepeo wa rangi ya chungwa, wale wanaohama kila mwaka kwenda milima ya Meksiko, walizishukia kwa mamia.

Siku ya Vipepeo walikuja watoto wa shule tatu na nyavu. Walishika vipepeo kwa ncha za vidole, wakawabandika ubavuni mwa bawa kibandiko kidogo kuliko ukucha, chenye namba, wakawaachia. Kwa kuwa maua yalikuwa mafupi, hata watoto wa darasa la kwanza walionekana. Joleen Pruess mwenyewe alimbandika mmoja, akamsindikiza kwa macho mpaka juu ya paa la ghala la Virgil, midomo ikitikisika kidogo kama anayetaja njia.

Alasiri wakaketi chini ya banda la bustani, wajumbe watano, wananchi wachache, sinia za mikate ya nyama na kahawa nyepesi. Eldo alikaa nyuma.

"Nitasema wazi," alianza mwenyekiti. "Nilikuja Juni nikiwa na kura yangu mfukoni, na haikuwa nzuri. Leo nimeona kitu. Nimeona pia pale katikati ambapo hapakukatwa, kumekuwa kichaka cha fito. Mwenye macho haambiwi. Tressa, hii mbinu yako ya kukata ni safi sana. Napendekeza eka zibaki, na tuiandike iwe kanuni: mbuga zote za kaunti zikatwe mpaka chini kila Juni."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Virgil peke yake alikunja mikono. Eldo alimtazama Tressa. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya karatasi, na rangi imemtoka. Eldo alielewa hesabu yake. Akikataa kanuni, ataulizwa kwa nini basi alikata, na jibu ni kwamba hakukata, kwamba maua yote haya yalitoka kwenye ujinga wa mzee mmoja. Na kura, iliyokuwa karibu kuanguka upande wake, inaweza kugeuka. Akinyamaza, eka zinabaki, lakini kila Juni mashine itapita, na vile vyenye kuhitaji miaka mitano, kumi, kabla ya kutoa ua la kwanza, havitatoa kamwe. Watakuwa wamehifadhi zulia.

Alimwona akivuta pumzi, asijue atasema lipi kati ya hayo mawili. Basi akasimama yeye. Ndoo aliyokalia ikaanguka kwa kishindo, na kila mtu akageuka.

"Joleen," alisema, "hiyo si mbinu. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, Eldo?"

"Nilikata bila kuulizwa. Nilidhani ni uchafu. Mwenyewe alipoona alilia, nami nikamdanganya usoni kwamba sijui kitu. Sasa." Alivua kofia, akaigeuza mkononi. "Imetokea kwamba mara moja ilisaidia, kwa sababu ya klova. Klova imekufa. Mkikata tena mwakani mnakata chakula, si magugu. Kule chini kuna mizizi mirefu kuliko mimi. Nimeiona. Nililala chini nikaiona. Iacheni."

Kahawa ikatoka moshi. Tressa alikuwa amefumba macho.

"Ngoja nielewe," alisema Virgil Ubben polepole. "Wewe ndiye ulikata. Na ile mashine yako."

"Ndiyo."

"Ukapita mara mbili. Mistari niliiona."

"Mara mbili. Kwa mshazari."

"Na ikarudi hivi?" Virgil alinyoosha kidole kwenye ile rangi yote. "Bila mbolea? Bila dawa? Bila mtu kuigusa?"

"Bila chochote."

Virgil alimgeukia mwenyekiti. "Kitu kilichopona mashine ya Eldo Meints," alisema, "mimi siwezi kushindana nacho. Babu naye hakuweza, alidhani tu. Zibaki. Na msikate. Ila iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba huyu jamaa haruhusiwi kufika pale akiwa na kitu chenye injini."

"Naunga mkono," alisema Tressa, na sauti yake ikakatika katikati kwa kicheko.

Kura zikawa nne kwa moja. Huyo mmoja alisema hana ubaya na maua, ila hapendi kuharakishwa.

Jioni ile, jikoni kwa Eldo, Tressa alikunywa vikombe vitatu, akatazama birika, akaomba cha nne. Eldo alimimina. Sukari ikapasuka ndani ya kikombe kwa mlio wake mdogo.

Baada ya hapo Eldo alifanya kazi za Bodi miaka sita. Oktoba aliokota mbegu kwa ndoo zilezile. Kila mwaka wa tatu, Aprili, alishika tangi la maji mgongoni, akatembea ukingoni mwa moto wakati Tressa na vijana wake wakiichoma mbuga iamke upya, na uso wake ukapata furaha ya mtu aliyeruhusiwa hatimaye kuchoma shamba bila kufokewa. Aliendelea kukata kila kitu kingine mjini, kwa mistari. Watu walimtania kwamba ana dini mbili. Alikubali. Alisema ya Alhamisi ni ya Arlys, na ile nyingine bado anajifunza.

Kisha nyonga ikaanza kumsumbua, na jicho la kushoto likaingia ukungu. Renae alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili alisema jambo lilelile, kwamba baba ahamie kwake, na kila Jumapili Eldo alisema kwamba huko kuna joto. Msimu wa baridi wa mwisho alianguka barazani akiwa na koleo la theluji, akakaa chini pale nusu saa kabla mjane hajamwona. Jumapili iliyofuata hakusema lolote kuhusu joto.

Ile Alhamisi ya Mei, Tressa alikuta nyumba imefungwa, mapazia yameshushwa, nyasi zimefika kisigino. Gereji haikuwa na pikapu. Alirudi bustanini, na kwa kuwa hakujua afanye nini tena, akafungua banda la vifaa. Mashine ya kijani ilikuwa ndani. Ilikuwa imeoshwa. Tangi limejaa, blade ni mpya, na juu ya kiti palikuwa na mkasi wa vitambaa uliofungwa kwenye gazeti.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampigia Renae. Renae akampa baba yake.

"Mzee Meints," alisema Tressa, "kuhusu hii mashine."

Ndani ya simu alisikia feni ikizunguka.

"Mashine ipi?" alisema Eldo.

Eldo Meints sasa anaishi Mesa, Arizona, kwa binti yake Renae, katika mtaa ambao nyua zote zimemwagiwa changarawe.